Kindu: Gari likikosa nguvu, pima eshapema kabla ya kufungua moteri

Moteri iliyopoteza saa yake na eshapema iliyoziba hutoa dalili zinazofanana. Katika mji ambako kila kipuri kinasubiriwa kwa treni, kwa boti ama kwa ndege, kukosea kati ya hayo mawili kunaweza kusimamisha gari kwa wiki nyingi.

KINDU, Maniema – Lalamiko ni lile lile, iwe ni teksi, jipu ya shirika ama lori linalobeba mchele: gari limekosa nguvu. Dereva anakanyaga, moteri inalia, lakini gari haliendi. Kwenye kilima kidogo tu analazimika kurudi vitesi ya kwanza. Eshapema inakuwa ya moto kupita kawaida, esanse inakwisha mapema, na wakati mwingine mlipuko kama wa risasi unasikika nyuma ya gari.

Dalili hizo zinaweza kutoka kwa magonjwa mawili tofauti kabisa. La kwanza liko ndani ya moteri: saa yake imeharibika, yaani supapu hazifunguki kwa wakati wake, ama cheche ya buji inakuja ikiwa imechelewa. La pili liko chini ya gari, kuanzia pale moshi unapotoka kwenye kilasi hadi mwisho wa bomba: eshapema imeziba na moshi hauna pa kutokea. Aliye kwenye usukani hawezi kuyatofautisha kwa hisia tu. Fundi anaweza, kwa sharti moja: apime kwanza, kisha ndipo afungue ama anunue.

Katika miji mingine, kosa la namna hiyo linagharimu siku moja. Kindu ni hesabu nyingine. Mji huu uko kando ya mto Lualaba, mahali ambapo reli inayotoka kusini inaishia. Kipande cha reli kati ya Kongolo na Kindu kilikamilika mwishoni mwa mwaka 1910, na zaidi ya karne moja baadaye treni ya SNCC bado ni njia muhimu ya mizigo mizito. Upande wa kaskazini, boti hushuka Lualaba hadi Ubundu, safari ya karibu kilomita 300, na kutoka huko mzigo bado una safari nyingine hadi Kisangani. Barabara za kuelekea Kalima, Kasongo ama Punia hugeuka matope wakati wa mvua. Kinachobaki ni ndege, na ndege hutoza kwa kilo.

Kwa hiyo kipuri kilichoagizwa kimakosa si hasara ya pesa peke yake. Ni gari kulala garajini, ni dereva kukosa kazi, na mara nyingi ni moteri iliyofunguliwa bila sababu, ambayo haitafungwa tena vizuri kwa sababu jweni ya kilasi nayo inabidi iagizwe.

Saa ya moteri ni nini

Moteri ya gari hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa, kuibana, kuwasha, kutoa moshi. Pistoni inapanda na kushuka ikizungusha ile nondo nzito ya chini, vilbreke. Juu yake kuna nondo nyingine, arbrakame, inayosukuma supapu zifunguke na kufungwa. Kila mara vilbreke inapozunguka mara mbili, arbrakame inazunguka mara moja tu. Kinachoziunganisha ni kuruwa ya distribusio ama shene, na meno yake lazima yakae pale pale kiwanda kilipoyapanga. Mpango huo ndio mafundi wanaouita kalaji.

Jino moja likiruka, moteri mara nyingi bado inawaka. Hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Relanti inatetemeka, nguvu inapungua, moshi unabadilika, na mwenye gari anafikiri shida ni buji ama filtri. Meno mawili ama matatu yakiruka, moteri inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Aina ya moteri inabadilisha ukubwa wa hatari. Toyota Land Cruiser za mashirika, zile za safu ya 70, nyingi zinabeba moteri ya mazutu 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Hiyo inatumia kuruwa. Kwenye mazutu, nafasi kati ya pistoni na supapu ni ndogo sana, hivyo kuruwa ikikatika moteri ikiwa inazunguka, pistoni hugonga supapu na kuzipinda. Moteri ya esanse 3S-FE, iliyowekwa kwenye Toyota RAV4 za kwanza na Carina nyingi, nayo ina kuruwa, lakini ikikatika moteri inazimika bila supapu kuguswa: unabadilisha kuruwa na safari inaendelea. Moteri 1NZ-FE ya Toyota Probox na Ist haina kuruwa ya distribusio bali ina shene. Shene haikatiki kirahisi, ila inarefuka polepole, hasa pale oili inapobadilishwa kwa kuchelewa. Dalili yake ya kwanza ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi, moteri ikiwa bado baridi.

Kwenye Toyota nyingi za mazutu kuna taa ya onyo iliyoandikwa T-BELT kwenye tablo. Inawaka kilomita 100,000 zinapotimia, kumkumbusha mwenye gari abadilishe kuruwa. Taa hiyo haipimi hali ya kuruwa; inahesabu kilomita tu. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika, likapitia Mombasa ama Dar es Salaam kabla ya kufika Kongo, linaweza kuwa na kilomita zilizorudishwa nyuma, ama taa iliyozimwa bila kuruwa kubadilishwa. Kwa gari la namna hiyo, njia salama ni kufungua kifuniko na kuitazama kuruwa yenyewe: ikiwa na nyufa, ikiwa imelowa oili ama imeanza kupoteza nyuzi pembeni, wakati wake umekwisha, hata kama tablo inasema vingine.

Eshapema nayo inapumua

Wengi wanaona eshapema kama bomba la kupunguza kelele tu. Kumbe ni nusu ya pumzi ya moteri. Silinda isiyoweza kutoa moshi wote haiwezi kujaza hewa mpya. Moshi wa zamani unabaki ndani, mchanganyiko unakuwa mbaya, na nguvu inashuka kadiri dereva anavyozidi kukanyaga.

Sababu za kuziba ziko nyingi, na barabara za Maniema zinaongeza zake. Jiwe ama kisiki kikigonga bomba kwenye mtaro, linabonyea. Gari likirudi nyuma kwenye ukingo wa udongo, matope yanaingia. Gari lililosimama miezi mingi linaweza kukutwa na kiota cha nyigu ndani ya bomba. Kuna pia kuziba kusikoonekana kwa nje: mabomba yenye kuta mbili, ambapo ukuta wa ndani unaanguka huku wa nje ukibaki mzima, na katalizeri, kile chombo chenye vitundu vidogo kama sega la asali kinachosafisha moshi wa magari ya esanse. Sega hilo likivunjika ama likiyeyuka, vipande vyake vinaziba njia.

Ukigonga katalizeri kwa upande wa mkono, gari likiwa limepoa, na ukasikia kitu kinachezacheza ndani kama mawe kwenye kopo, sega limevunjika. Lakini kimya si ushahidi wa uzima: sega lililoyeyuka na kugandamana halitoi sauti yoyote.

Vipimo kwa mpangilio

Hakuna haja ya mashine ya bei kubwa ili kujua ugonjwa uko upande gani. Kinachohitajika ni mpangilio: kuanza na kile kisichogharimu kitu, na kufungua moteri mwisho kabisa.

Cha kwanza ni moshi. Moshi mweusi unaonyesha mafuta mengi kuliko hewa: filtri ya hewa chafu, injekteri mbovu, ama hewa isiyoingia vya kutosha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe unaoendelea hata moteri ikiwa moto una maana mbili: ukiwa na harufu tamutamu na maji ya radiateri yanapungua, maji yanaingia kwenye silinda, ukiwa unachoma macho na kunuka mazutu mabichi, mazutu hayaungui kwa wakati, na kwenye 1HZ mtu anapaswa kuangalia kalaji ya pompi ya injeksio, ambayo nayo inazungushwa na ile kuruwa ya distribusio. Pompi ikiwa imewahi mno, dalili ni tofauti: moteri inagonga kwa sauti kavu na ngumu.

Cha pili ni mkono, ukiwa umbali wa kutosha usiungue, kwenye mwisho wa bomba. Kwenye relanti pumzi inapaswa kutoka kwa mapigo yanayolingana. Pumzi dhaifu, kana kwamba inabanwa, huku moteri ikilia kwa nguvu upande wa mbele, inaelekeza kwenye kuziba. Mapigo yanayoruka, moja likikosekana kila baada ya mengine, yanaelekeza kwenye silinda isiyofanya kazi.

Cha tatu ndicho kinachotenganisha magonjwa haya mawili kwenye moteri ya esanse: kipimo cha mvuto wa hewa, saa ndogo yenye mshale inayounganishwa kwa mpira kwenye njia ya hewa, chini ya kipepeo. Moteri nzima kwenye relanti huvuta kati ya inchi 17 na 22 za zebaki kwenye usawa wa bahari. Kindu iko karibu mita 500 juu ya usawa huo, hivyo fundi atarajie pungufu ya inchi moja na nusu hivi. Mshale ukiwa chini ya hapo lakini umetulia, saa ya moteri ndiyo mshukiwa: kalaji ya supapu ama ya cheche imechelewa. Mshale ukianza vizuri kwenye relanti, kisha moteri ikishikiliwa kwenye mizunguko 2500 kwa dakika ukaanza kushuka polepole, eshapema imeziba. Moteri ya mazutu isiyo na kipepeo haitoi mvuto huo, kwa hiyo kipimo hiki hakiisaidii.

Cha nne kinafaa kwa zote, na kinahitaji ufunguo tu. Moteri ikiwa baridi, fundi analegeza ama anafungua bulo za bomba la mbele pale linapokutana na kolekteri, kisha gari linajaribiwa mwendo mfupi. Kelele itakuwa kubwa, na moshi wa moto usiruhusiwe kugusa nyaya, mipira ya mafuta wala majani makavu. Nguvu ikirudi, ugonjwa uko nyuma ya pale palipofunguliwa. Isiporudi, eshapema haina kosa. Kwenye magari ya esanse yenye kihisio cha oksijeni mbele ya katalizeri, kukitoa kihisio hicho kunafungua tundu la kutosha kwa jaribio hilo hilo. Fundi mwenye manometa anaweza kuifunga kwenye tundu hilo: shinikizo likizidi kiasi cha 0.1 bar kwenye relanti ama 0.2 bar kwenye mizunguko 2500, njia imebanwa.

Cha tano ni kutazama alama za kalaji. Bateri inatolewa, kifuniko cha juu kinafunguliwa, na vilbreke inazungushwa kwa ufunguo, kwa upande ule moteri inakozungukia, hadi alama ya puli ifike kwenye sifuri. Hapa kuna mtego. Kwa kuwa vilbreke inazunguka mara mbili kwa mzunguko mmoja wa arbrakame, alama ya juu inaweza kuonekana iko mbali kabisa na mahali pake bila kosa lolote. Fundi azungushe tena mzunguko mmoja kamili kabla ya kusema kuruwa imeruka. Mtego mwingine uko kwenye puli yenyewe: kwenye moteri nyingi ina mpira katikati, na mpira huo ukichoka, pete ya nje yenye alama inateleza. Alama inadanganya wakati kuruwa iko sawa. Ili kuhakikisha, buji ya silinda ya kwanza inatolewa na kijiti chembamba kisichokwaruza kinawekwa kwenye tundu lake. Kinapofika juu kabisa, pistoni iko juu kabisa, na alama inapaswa kukubaliana nayo.

Kipimo cha kubana silinda kinakamilisha kazi. Zote zikiwa dhaifu kwa kiwango kile kile, kalaji ya supapu inashukiwa. Moja ikiwa dhaifu peke yake, shida ni ya silinda hiyo: supapu iliyoungua, jweni, ama pete za pistoni.

Waya mdogo badala ya skana

Skana ndogo zinazounganishwa na simu zimesaidia mafundi wengi, lakini zina mipaka miwili. Kwanza, si kila gari linazungumza nazo. Marekani ililazimisha lugha moja ya skana kwa magari mapya ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya esanse kuanzia 2001, lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yalichelewa. Gari likikataa skana haina maana kwamba kompyuta yake imekufa.

Kwa Toyota za esanse za miaka ya 1990, kuna njia ya zamani. Kwenye kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya kapoti, kipande cha waya kinaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1. Kontakti ikifunguliwa bila kuwasha moteri, taa ya moteri kwenye tablo inapepesa, na mapigo yake yanasomeka kama namba. Namba 12 inahusu kihisio cha mizunguko, 14 inahusu alimaji. Waya huo huo unatumika kupima kalaji ya cheche kwenye moteri zenye delko kama 3S-FE na 5A-FE: moteri ikiwa moto na kwenye relanti, taa ya kumulika alama inapaswa kuonyesha digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Mtu akipima bila kuunganisha waya, kompyuta inaendelea kusogeza cheche yenyewe, na namba anayoisoma haina maana. Delko nyingi zimezungushwa vibaya kwa sababu hiyo tu.

Pili, skana inataja dalili, haitaji kipuri. Kodi P0016 inasema vilbreke na arbrakame hazikubaliani. Inaweza kuwa shene iliyorefuka, lakini pia oili chafu iliyoziba valvu ya VVT-i, ama waya wa kihisio. Kodi P0420 inasema katalizeri haisafishi vizuri, na wengi wanakimbilia kuagiza katalizeri. Lakini tundu dogo kwenye bomba, mbele ya kihisio, linaweza kuingiza hewa na kuleta kodi ile ile. Kulitafuta ni rahisi: moteri ikiwa bado baridi, mtu mmoja anaziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache, mwingine anapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Alama nyeusi za masizi kwenye maungio nazo zinaeleza jambo hilo hilo.

Ugonjwa mmoja unapozaa mwingine

Kuna sababu kubwa zaidi ya kutofautisha magonjwa haya: la kwanza linaweza kuleta la pili.

Tuchukue mfano wa teksi ya esanse. Kalaji imechelewa, na silinda moja haiwaki vizuri. Esanse isiyoungua inatoka na moshi na kuingia kwenye katalizeri, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kati ya digrii 400 na 800. Esanse hiyo inaungulia humo ndani. Joto linapanda kupita digrii 1000, na sega linaanza kuharibika hadi kuyeyuka. Baada ya muda eshapema inaziba. Dereva anapeleka gari garajini. Fundi anafungua bomba, anaona katalizeri imeziba, anaitoboa ama anaibadilisha. Nguvu inarudi, kila mtu anafurahi. Lakini silinda bado haiwaki vizuri. Ikiwa katalizeri ni mpya, nayo itaungua kama ya kwanza. Ikiwa ilitobolewa, gari litaendelea kunywa esanse na kutoa moshi mchafu, na siku moja supapu itaungua.

Swali la kuuliza basi si "nini kimeziba?" peke yake, bali "kwa nini kimeziba?" Katalizeri haifi yenyewe mara nyingi. Inauawa na buji mbovu, na alimaji iliyochelewa, na oili inayoungua, ama na mafuta mabaya.

Mafuta yenyewe

Katika miji mingi ya Kongo, esanse inauzwa kando ya barabara kwenye chupa na bidoni na wauzaji wanaoitwa kadhafi. Esanse iliyosafiri kwenye mapipa, ikamiminwa mara kadhaa njiani, inaweza kubeba maji na uchafu. Ikichanganywa na petroli ya taa, inagonga ndani ya silinda, na fundi anayesikia mgongo huo anaweza kudhani kalaji imewahi mno. Atachelewesha cheche ili kelele iishe. Kelele itaisha kweli, lakini nguvu nayo itapungua na eshapema itazidi joto.

Kabla ya kugusa delko, basi, mafuta nayo yapimwe. Kiasi kidogo kinawekwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa kitulie. Maji yanashuka chini na mstari unaonekana. Kwa mchanganyiko wa petroli, tone kwenye karatasi nyeupe linasaidia: esanse safi hukauka haraka bila kuacha doa la mafuta, wakati petroli inabaki ikilowesha karatasi kwa muda mrefu.

Jambo moja limebadilika kwa uzuri. Esanse yenye risasi, iliyokuwa ikiua katalizeri, iliondolewa sokoni katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Tangu hapo, gari lenye katalizeri linaweza kuishi muda mrefu hapa kama kwingineko, mradi mafuta yasichafuliwe njiani.

Pikipiki nazo hazikwepi

Kindu ni mji wa pikipiki kuliko magari, na sheria ni zile zile. Pikipiki ya silinda moja ina shene yake ndogo ya distribusio pembeni mwa silinda. Kwenye nyingi, gurudumu la sumaku lina alama T, inayoonyesha pistoni iko juu, na alama F, inayoonyesha mahali pa cheche kwenye relanti. T ikikaa kwenye kidirisha wakati alama ya juu haikubaliani hata baada ya mzunguko wa pili, shene imeruka.

Kwa eshapema, wamotari wengine huondoa vyuma vya ndani ili pikipiki ilie kwa nguvu. Wanachopata ni kelele zaidi kuliko nguvu: karbirateri ilipangwa kwa eshapema ya kiwanda, na bila hiyo mchanganyiko unaweza kupungukiwa esanse, moteri ikapata joto kupita kiasi na buji ikawa nyeupe. Mtu anayesikia milipuko nyuma baada ya kuondoa vyuma hivyo asikimbilie kufungua moteri. Arudishe vyuma kwanza.

Moshi usioonekana

Eshapema inayovuja si suala la nguvu na esanse tu. Moshi wa moteri una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Bomba likitoboka chini ya viti, ama mlango wa nyuma ukifungwa vibaya, gesi hiyo inaingia ndani ya gari. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, hasa wakati madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua ama vumbi. Abiria wote wakianza kuumwa kichwa kwenye safari moja, gari lisimame, milango ifunguliwe, watu watoke kwenye hewa safi, na aliyezidiwa apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kwa sababu hiyo hiyo, moteri haiachwi ikiwaka ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kupima. Kazi hii ifanyike nje.

Kile mwenye gari anaweza kudai

Mwenye gari hahitaji kujua kila bulo. Lakini ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa ya kipuri: Umepima nini? Kipimo kilionyesha namba gani? Na kama kipuri hiki ndicho kibovu, ni nini kilichokiua?

Fundi aliyepima hatakasirika akiulizwa. Atajibu kwa namba, si kwa kukisia. Daftari dogo linalokaa ndani ya gari, lenye tarehe na kilomita za siku kuruwa ilipobadilishwa, oili ilipobadilishwa na eshapema ilipofunguliwa, litamsaidia fundi anayefuata kuliko kumbukumbu ya dereva. Fundi naye akilegeza bulo chache za bomba la mbele kabla ya kufungua kilasi, anatumia nusu saa na jasho kidogo. Jweni ya kilasi iliyoagizwa bila sababu inaweza kumsubirisha mwenye gari hadi treni ijayo.